Kocha wa Ajaili Aanze na Mwenye Kalamu

Mafunzo ya ajaili (agile kwa Kiingereza), namna ya kufanya kazi kwa vipande vidogo na kurekebisha njiani, yamefika magharibi mwa Tanzania. Yalianzia kwa vijana wanaotengeneza programu za kompyuta Dar es Salaam, yakaingia kwenye mabenki na kampuni za simu, na sasa hata Tabora na Kigoma utakuta shirika lisilo na uhusiano wowote na kompyuta limewafungia watumishi wake ukumbini kujifunza kugawa kazi katika awamu fupi, kubandika kadi ukutani na kukutana kila asubuhi wakiwa wamesimama. Wakati huohuo, kwenye makundi ya WhatsApp ya watu haohao, inazunguka habari ya kukatisha tamaa: kwamba huko Marekani ajaili imekwisha, makocha wake, yaani wanaoziongoza timu kujifunza namna hiyo, wamepunguzwa kazi, na sisi kama kawaida yetu tunanunua mtumba.

Wanaoshangilia na wanaobeza wamekosea mahali pamoja. Wote wanaichukulia ajaili kuwa ujuzi wa watu wa chini, yaani namna ya kumfanya afisa mradi, mhasibu msaidizi au afisa ugani amalize kazi nyingi zaidi kwa muda mfupi zaidi. Hoja yangu ni kwamba katika ofisi zetu nyingi kasi ya watu wa chini haijawahi kuwa tatizo kubwa. Tatizo ni safari ya dokezo, yaani ombi la maandishi linalopanda kwa mkubwa kusubiri idhini. Mtu wa kwanza kuhitaji kocha ni yule ambaye pasipo sahihi yake hakuna kinachotembea, na kocha anayekubali kufundisha timu kabla ya kukaa na mtu huyo anapokea fedha kwa kazi ambayo moyoni anajua haitadumu.

Turudi kwanza kwenye mambo yalivyotokea. Februari 2001, watu 17 wa fani ya programu za kompyuta walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, wakatoa tamko fupi lenye mambo 4 ya kuthaminiwa, ambalo huambatana na kanuni 12. Walikuwa wamechoshwa na miradi inayopangwa kwa miaka, inayojazwa makaratasi, na inayoishia kumkabidhi mteja kitu ambacho hana haja nacho tena. Walisema watu na mazungumzo yao wapewe uzito kuliko taratibu na zana. Kitu kinachofanya kazi kuliko nyaraka nyingi. Ushirikiano na mteja kuliko mabishano ya mkataba. Na kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Hawakusema mpango, mkataba na nyaraka vitupwe, ingawa ndivyo wengi wanavyowasoma. Baadhi ya mbinu zilikuwa na umri zaidi ya tamko lenyewe. Skramu, iliyo maarufu kuliko zote, iliwasilishwa hadharani na Jeff Sutherland na Ken Schwaber mwaka 1995, nao walikuwa wamechota kwa Wajapani wawili, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, walioandika mwaka 1986 juu ya namna kampuni kama Honda na Canon zilivyokuwa zikibuni bidhaa. Walichokikuta huko ni kwamba wakubwa walitoa lengo gumu, kisha wakaiachia timu njia ya kulifikia. Ukienda nyuma zaidi utafika Toyota, ambako mfanyakazi wa kawaida aliyeona kasoro aliruhusiwa kuvuta kamba na mstari mzima wa uzalishaji ukasimama. Kila shina la jambo hili, ukilichimba, unakuta mkubwa aliyekubali kuachia sehemu ya uamuzi. Kadi za rangi na vikao vya dakika 15 ni vyombo vya kuuhudumia uamuzi huo.

Nimeona kinachotokea vyombo vinapokuja peke yake. Katika ofisi moja ya mradi mjini Kigoma, watumishi walikuwa wamefunzwa, ubao umenunuliwa, kadi za njano na za kijani zimebandikwa vizuri. Saa mbili na nusu asubuhi walisimama nusu duara, lakini ubao ulikuwa nyuma ya migongo yao. Macho yote yalikuwa kwa meneja. Mmoja baada ya mwingine akasema kazi zinaendelea vizuri, bosi, changamoto ni zile ndogondogo tu. Hakuna aliyegusa kadi. Meneja alikuwa na neno kwa kila mtu, hivyo dakika 15 zikawa karibu saa nzima, na aliyekuwa na gari la kuondoka kwenda Kasulu alianza kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu huu kwenda ule. Juma lililofuata meneja alisafiri kwenda Dodoma, na kikao hakikufanyika hata mara moja. Hicho ni kipimo ambacho sijaona kikikosea: kikao kinachokufa bosi akisafiri kilikuwa cha bosi.

Kocha aliyekuja baadaye, dada mmoja mpole asiyependa slaidi, alifanya jambo dogo. Ubao ulikuwa na safu 3: Ya kufanya, Inafanyika, Imekwisha. Akachora ya nne kabla ya ile ya mwisho, akaiandika Inasubiri Sahihi, na kumwomba kila mtu aandike kwenye kadi tarehe ambayo kazi yake iliingia hapo. Haukupita muda safu hiyo ikajaa hadi kadi zikawa zinabandikwa moja juu ya nyingine. Mafuta ya pikipiki lita 10. Kuchapa fomu za kaya. Masurufu ya safari ya Kibondo. Barua ya kumwomba mtendaji wa kata ukumbi, ukumbi wenyewe wa bure. Meneja alisimama mbele ya ubao akasoma tarehe kimyakimya, kisha akauliza kama hizo zote ziko kwake. Aliyemjibu ni mama wa masijala: "Ziko kwako, mkuu, na nyingine ziko kwa mhasibu zinasubiri kurudi kwako." Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameandika waraka wa ukurasa mmoja unaowaruhusu wakuu wa vitengo kuidhinisha mafuta na matumizi madogo hadi kiwango fulani, naye akayapitia kila Ijumaa. Manunuzi makubwa yaliendelea kuchelewa kama zamani. Lakini pikipiki zilianza kutoka asubuhi badala ya mchana.

Kuna hesabu nyuma ya tukio hilo, na inafaa kuikalia kidogo kwa sababu ndiyo inayowaponyoka wanunuzi wa mafunzo. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ya foleni ambayo ni rahisi kuliko inavyostahili: idadi ya vitu vilivyomo kwenye foleni ni kasi ya kuingia kwake mara muda ambao kila kimoja hukaa. Chukua mfano. Mezani kwa mkuu kuna madokezo 40, naye akijitahidi sana humaliza 8 kwa siku. Dokezo litakaloingia leo litasubiri siku 5, hata kama aliyeliandika alitumia nusu saa. Sasa mpe afisa huyo mafunzo mazuri kabisa, aandike madokezo mawili kwa muda aliokuwa akiandika moja. Mkuu bado anamaliza 8. Foleni itarefuka, siku 5 zitakuwa 10, na afisa aliyerudi kutoka ukumbini na ari ataanza kulalamika kwamba ajaili haifanyi kazi Afrika. Timu iliyofunzwa mbele ya mlango uliofungwa husongamana haraka zaidi kuliko timu isiyofunzwa. Kwa hiyo kuanzia chini kuna ubaya wake, maana mafunzo hayo yanaweza kuzidisha kilio kilekile yaliyokuja kukiponya.

Katika utumishi wa umma mkanganyiko umechukua sura nyingine. Fomu za OPRAS za kupima utendaji wa mtumishi, zilizoanza mwaka 2004, zimeupisha mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake, huyavunja katika kazi ndogondogo, hujaza utekelezaji wake na msimamizi huidhinisha. Nimewasikia watumishi wa halmashauri wakisema, wengine kwa fahari na wengine kwa uchovu, kwamba kwa hiyo ajaili tunayo tayari. Nisiwe mchoyo wa sifa: anayekumbuka OPRAS zilizojazwa Juni kwa kunakili za mwaka uliopita atakubali kwamba mfumo unaotaka mtu aeleze kazi yake mwaka mzima ni hatua. Ila unajibu swali tofauti. PEPMIS inauliza fulani amefanya nini, na ni haki ya mwajiri kuuliza hivyo. Ajaili inauliza kazi hii imekwama wapi na nani anaweza kuikwamua leo. Mtumishi anayepimwa peke yake ana kila sababu ya kukamilisha kipande chake, kukiweka alama, na kukiacha kilale kwenye meza inayofuata. Timu inayopimwa kwa huduma iliyomfikia mwananchi ina sababu ya kwenda kugonga mlango wa meza hiyo. Vyote viwili vinaweza kuishi pamoja, lakini anayedhani cha kwanza kimeleta cha pili ataishia kuwa na takwimu nzuri za kazi zilizokamilika na zahanati isiyo na dawa.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wakubwa wenyewe, na si la kupuuzwa. Sheria za fedha zinamfanya afisa masuuli, yaani mkuu anayesimamia fedha za taasisi, awajibike yeye mwenyewe. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anatoa ripoti, hoja zinaandikwa, na mkurugenzi anaitwa mbele ya kamati ya Bunge. Hawezi kufika pale akasema timu ilijipanga yenyewe. Anaposhika kalamu yake kwa nguvu mara nyingi anajilinda, na ameona wenzake walioachia kidogo wakaondoka na aibu. Kocha anayekuja na hotuba za kuwaamini watu bila kujua hoja ya ukaguzi inaandikwaje hatasikilizwa, na hastahili kusikilizwa. Jibu langu ni kwamba wajibu wa mwisho na sahihi ya kila dokezo ni mambo mawili. Wajibu unabaki kwa afisa masuuli. Idhini ya lita 10 za mafuta inaweza kushushwa kwa maandishi, kwa kiwango kinachojulikana na kwa mapitio ya kila wiki, na mkaguzi akija atakuta kumbukumbu safi zaidi kuliko sahihi 40 zilizowekwa jioni moja na mtu aliyekuwa anakimbilia basi. Nani anasoma dokezo la thelathini na saba kwa makini kama alivyosoma la kwanza?

Mifano ya serikali za wenzetu inaunga mkono jibu hilo, na mmoja wao unauma. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, mwaka 2005 lilitupa mfumo wa kumbukumbu za kesi ulioligharimu dola milioni 170 bila kutumika. Mradi uliofuata, Sentinel, nao ukasuasua mikononi mwa mkandarasi hadi mwaka 2010, shirika lilipouchukua lenyewe, likapunguza watu, likafanya kazi kwa awamu fupi huku likionyesha kilichokamilika kila awamu. Julai 2012 mfumo ulikuwa unatumika. Chombo hicho kina siri nyingi na ukaguzi mkali kuliko halmashauri yoyote ya Tabora. Mfano unaouma ni wa Uingereza. Mradi wa kuunganisha mafao ya wananchi, Universal Credit, ulitangaza kwamba unafuata ajaili, lakini ukaifungia ndani ya mikataba na usimamizi wa mtindo wa zamani. Septemba 2013 ofisi ya ukaguzi ya taifa hilo ilieleza kwamba pauni milioni 34 za mifumo ya kompyuta zimefutwa kwenye hesabu, ikaonyesha udhaifu wa uongozi, na ikataja tabia ya kupeleka juu habari njema tu. Soma sehemu hiyo ya habari njema mara ya pili ukiwa unakumbuka vikao vyetu vya robo mwaka. Kilichoshindwa pale hakikuwa awamu fupi. Walioko juu hawakutaka kusikia mapema, na walioko chini walijua hivyo.

Pingamizi la pili nalikubali nusu. Makocha wengi wataniambia kwamba mkubwa hapatikani. Ana vikao na ugeni wa kiserikali, simu yake haipoi, na akija kwenye mafunzo hufungua, hupiga picha, huondoka. Timu ndiyo iliyopo, basi tuanze nayo, matokeo yakionekana atavutika. Ni kweli hutokea, na ile safu ya nne kwenye ubao wa Kigoma ni ushahidi kwamba kitu kilichoanzia chini kinaweza kumfikia mwenye kalamu. Lakini angalia kilichofanya kazi pale: kocha alitumia ubao wa timu kumwonyesha mkubwa foleni yake mwenyewe, hakuutumia kuihimiza timu iongeze bidii. Kuanzia chini kunafaa pale ambapo kinachopimwa ni kile kinachokwama juu. Pasipo hivyo, matokeo yanayosubiriwa yamvute mkubwa hayatapatikana, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyakalia.

Pingamizi dhaifu kuliko yote ni lile linalopendwa zaidi: kwamba utamaduni wetu wa kuheshimu wakubwa hauruhusu mambo haya, kwamba Mwafrika hawezi kumwambia mzee wake kazi imekwama kwako. Linasemwa kwa unyenyekevu kana kwamba ni elimu ya jamii, na mara nyingi linasemwa na mkubwa mwenyewe. Anayelisema Tabora amesahau yuko wapi. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka pwani kupitia Unyanyembe, penye Tabora ya leo, hadi Ujiji ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi, na msafara haukuongozwa njiani na mwenye mali. Mbele alitembea kirangozi, mtu aliyepewa nafasi hiyo kwa kuijua njia. Wazungu waliosafiri nao wameacha shajara zilizojaa manung'uniko juu ya wapagazi waliokaa chini na kukataa kunyanyua mizigo hadi suala la posho au urefu wa safari ya siku lizungumzwe likaisha. Hayo yalikuwa mazungumzo ya kazi kati ya wabeba mizigo na wenye fedha, yakifanyika hadharani kila kambi, na adabu ya Kinyamwezi haikuvunjika. Heshima tunayoitaja leo kama kizuizi ni ya ofisi, ya faili na kiti cha kuzunguka, na hiyo tumeirithi kwa mkoloni. Mtu anaweza kuipenda akitaka, ila asiwasingizie mababu.

Ama hili la ajaili kufa, halihitaji maneno mengi. Januari 2023 benki ya Capital One ya Marekani ilifuta nafasi zaidi ya 1,100 za wataalamu wa ajaili. Maelezo ya benki yalikuwa kwamba shughuli hizo sasa zinaingizwa ndani ya kazi za wahandisi wenyewe. Unaweza kuyashuku maelezo ya mwajiri anayepunguza watu, nami nayashuku kiasi, lakini kocha tangu mwanzo ni kazi ya kupita: akifanikiwa timu haimhitaji. Kilichoporomoka ni soko la watu waliogeuka makarani wa kudumu wa vikao. Mwanzoni mwa 2025 taasisi kubwa ya kimataifa ya wasimamizi wa miradi, PMI, ilijiunganisha na Agile Alliance, chama kilichozaliwa na wale wa Snowbird. Kitu kilichokufa hakifungishwi ndoa.

Kinachonitia hofu zaidi kwetu ni jambo ambalo halisemwi kwenye makundi hayo. Tangu serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake Januari 2025, mashirika yanayofanya kazi Kigoma, hasa kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, yamebaki na fedha kidogo na watu wachache. Meneja aliyepoteza nusu ya watumishi ana kishawishi cha kuleta ajaili ili waliobaki wabebe kazi za walioondoka. Kanuni mojawapo kati ya zile 12 inasema watu wafanye kazi kwa mwendo ambao wanaweza kuushika bila kikomo. Kocha akiona orodha ya kazi haijapunguzwa huku watu wamepunguzwa, kazi yake ya kwanza ni kumkalisha mkubwa na kumuuliza kipi kinaachwa. Swali hilo timu haiwezi kulijibu, kwa kuwa haina mamlaka ya kumwambia mfadhili kwamba shughuli fulani haitafanyika.

Jambo hili la kupanga watu upya bila kugusa uamuzi tumewahi kuliona kwa ukubwa wa nchi. Mwaka 1972, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, serikali ilianzisha Madaraka Mikoani. Maafisa walihamishwa kutoka Dar es Salaam wakaletwa karibu na wananchi, lakini halmashauri zilizochaguliwa na wananchi hao zikavunjwa, na mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikafuatia. Watu walisogea, uamuzi ukabaki juu. Sheria za 1982 zilivirudisha vyote viwili, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alisema wazi kwamba akianza upya, kuvunja serikali za mitaa na ushirika ni mambo ambayo asingeyafanya. Mkoa wa Tabora, unaoishi kwa tumbaku na ushirika wake, haukuhitaji kuambiwa. Ninaikumbuka historia hiyo kila ninapoona ofisi iliyopanga upya viti vyake, ikaita idara zake vikosi, na kuacha orodha ya wenye kuidhinisha kama ilivyokuwa.

Na ni kwenye ushirika huo ambako nadhani kazi hii ingelipa mapema zaidi kuliko kwenye ofisi za kompyuta. Wapo wanaosema mkulima hawezi awamu za wiki mbili kwa kuwa mvua inakuja mara moja kwa mwaka. Lakini urefu wa awamu hufuata kazi. Msimu wa tumbaku una vituo vyake: vitalu, kupandikiza, kuchuma, kukausha kwenye mabani, kupanga madaraja, soko. AMCOS nyingi, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, hukaa kujitathmini kwenye mkutano mkuu, wakati mbolea iliyochelewa imeshachelewa na bani lililovuja limeshaharibu majani. Kukaa saa moja baada ya kila kituo, wakulima, katibu na afisa ugani wakiangalia nini kimekwama na nani anaweza kukikwamua kabla ya kituo kinachofuata, ni ajaili kamili bila kadi hata moja. Hapo napo kocha atakutana na kalamu. Chama hakiwezi kukopa pembejeo bila Mrajis wa Vyama vya Ushirika kukiidhinishia ukomo wa madeni, na hilo halitabadilika kwa kikao cha kusimama. Linaloweza kubadilika ni bodi kujua siku maombi yalipotoka, siku yalipofika na meza yalipolala, na kulisema hilo kwa kibali cha msimu ujao kabla mvua hazijakaribia.

Haya yakikubalika, ununuzi wa huduma hii lazima ubadilike. Mkataba wa kocha uache kuhesabu waliofunzwa na vyeti vilivyotolewa. Cheti cha kwanza cha skramu hupatikana kwa mafunzo ya siku 2, na siku 2 hazijawahi kubadilisha ofisi. Upime siku ambazo dokezo linasubiri, kabla na baada. Umtaje mkuu wa taasisi kama mwanafunzi wa kwanza, na saa zake ziandikwe, maana asipoziandika hazitapatikana. Kampasi ya Tabora ya Chuo cha Utumishi wa Umma, inayofundisha watumishi kuandika dokezo zuri, ingeweza kufundisha pia madokezo gani hayahitaji kuandikwa. Na bajeti za halmashauri huanza kuandaliwa miezi kadhaa kabla ya Julai. Atakayetenga fungu la mafunzo ya ajaili humo aandike kwenye kifungu hichohicho cheo kitakachoanza kufundishwa, na kiwe kile kinachosaini.